Salio

Bwana Kitundu wa Ipagala alitaka geti lenye simba wawili.
Nikamchorea simba kwa chaki sakafuni.
Akasema hao ni paka, tena paka wenye njaa.
Nikawanenepesha.
Siku ya tatu akaja na picha kwenye simu:
simba basi, sasa anataka tausi.
Bomba nilishakata. Chuma si kitenge, mzee,
hakifumuliwi kikashonwa upya.
Akacheka, akanipiga bega:
"Kwani wewe si fundi?"

Neno hilo hunifunga mdomo kila mara.
Kana kwamba umeme naukamua kwenye mbuzi,
kana kwamba vijiti vya kuchomelea huota
baada ya mvua, pamoja na mlenda.

Tausi akatoka. Manyoya tisa mkiani,
kila unyoya flatibaa niliyoipinda kwa nyundo
mpaka kiganja kikaota sugu juu ya sugu.
Tulilipeleka kwa guta, mimi na Mesaki tukisukuma,
upepo wa Julai ukitumwagia vumbi jekundu
juu ya rangi ambayo haijakauka.

"Lina mchanga," alisema, akipapasa.
Linalia.
Limeinama.
Tausi anamtazama jirani, mwenye nyumba kapewa mgongo.
Nikaweka pimamaji mbele yake:
kiputo katikati, kimetulia kama jicho la kinyonga.
Akakitazama kile kiputo
kama shahidi niliyemhonga.

Salio laki moja na arobaini.
"Kesho," akasema.

Kesho nikaenda, yuko kazini Mtumba.
Kesho yake, kikaoni.
Ijumaa simu yake iliita, ikaita, ikachoka.
Jumapili nikasikia anaosha gari,
nikasimama nje ya geti nililolichoma mwenyewe,
nikapiga hodi.
Akapitisha elfu kumi katikati ya manyoya,
imekunjwa ndogo kama dawa ya kienyeji.
"Ya soda, fundi. Kesho tumalizane."

Mesaki akashauri: twende usiku na grenda,
tumng'oe tausi, tumwachie uwazi wake.
Sitasema sikufikiria.
Nilishahesabu hata bawaba.

Lakini lile neno lilinifuata mpaka karakana,
likakaa kwenye benchi, na benchi
lilishamjua mtu mwingine.

Mama Ndahani wa Chang'ombe
alinipa elfu sitini, malipo ya awali ya kitanda.
Wiki ile mwanangu alirudishwa nyumbani, hana sare.
Nikamwambia kesho.
Alikuja na mwavuli wake, akaketi pale,
akaniangalia nikichomelea vitu vya watu wengine,
bila miwani, macho yakimchuruzika kwa ule mwanga.
Nami nikajifanya nina kazi nyingi.
Kesho, mama. Kesho, mama yangu.
Kitanda kilipofika, mgonjwa wake
alikuwa hakihitaji tena.
Hakunitukana. Alihesabu miguu ya kitanda,
akaona iko minne,
akasema asante, fundi.

Sisemi Bwana Kitundu alitumwa.
Mungu ana kazi nyingine.
Deni lake ni lake, na Jumatatu nitakuwa pale
kabla hajawasha gari, na daftari mkononi.

Maana siku hizi nina daftari:
mchoro, vipimo, saini, nusu mbele,
ukibadili mnyama unalipia mnyama.
Wengine huona maandishi wakaondoka.
Waende. Barabara ni pana.

Leo asubuhi kaja dada wa duka la mbegu pale Sabasaba,
anauliza mlango wake utakuwa tayari lini.
Ulimi ulishafika kwenye "ke—"
nikaumeza.
"Alhamisi," nikasema. "Saa kumi. Umeme ukikatika
nitakupigia simu mimi, usinitafute."

Akanitazama kwa muda,
kama vile Bwana Kitundu
alivyokitazama kiputo.